Mali Bila Daftari: Nafasi ya Habari katika Biashara

Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida usemi huu huchukuliwa kuwa onyo dhidi ya wizi na madeni. Lakini ukichunguzwa vema huonekana kuwa na maana pana zaidi. Biashara huweza kupoteza mali hata pasipo mwizi wala mdeni mbaya, kwa sababu tu mwenye kuamua hakupata habari aliyoihitaji kwa wakati alioihitaji. Makala haya yanaeleza jinsi hasara ya namna hiyo inavyotokea, na jinsi inavyoweza kuzuiwa.

Takwimu na habari

Hapana budi kwanza kutofautisha mambo mawili. Daftari la duka likionyesha kwamba leo zimeuzwa sabuni 20, hiyo ni takwimu. Takwimu hugeuka kuwa habari pale inapolinganishwa na takwimu nyingine na kumwezesha mtu kuamua jambo.

Tuchukue mfano wa duka la ushirika la shule. Duka huuza sabuni 20 kila siku, na mzigo mpya huchukua siku 5 kufika tangu siku ya kuagizwa. Katika siku hizo 5 zitauzwa sabuni 100. Kwa kuwa gari huweza kuchelewa, wanachama wameamua kuweka akiba ya sabuni 40. Basi agizo halina budi kutolewa sabuni zinapobaki 140, yaani 20 × 5 + 40. Idadi hiyo huitwa kiwango cha kuagizia.

Sasa tuseme mwuzaji hana kumbukumbu, naye huagiza pale tu anapoona rafu zinaanza kuwa tupu, sabuni zikiwa zimebaki 60. Sabuni hizo zitakwisha baada ya siku 3. Kwa siku 2 zinazofuata wateja 40 watarudi mikono mitupu, na baadhi yao watazoea duka jingine. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyekopa. Kwa upande mwingine, mwuzaji mwenye hofu ya kuishiwa huweza kuagiza sabuni 1,000 kwa mara moja. Fedha ya ushirika italala ghalani kwa siku 50, ilhali duka halina fedha ya kununulia sukari. Katika hali zote mbili kilichokosekana si bidii wala uaminifu, bali ni kadi moja ya ghala yenye safu tatu: kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki.

Mfano wa mikahawa ya London

Jambo lililo jepesi katika duka moja huwa gumu sana maduka yanapokuwa mengi. Historia ya kampuni ya J. Lyons ya Uingereza inalidhihirisha hilo. Kampuni hiyo ilifungua mkahawa wake wa kwanza wa chai mjini London mwaka 1894, na baadaye mikahawa yake ilizidi 200. Iliuza chai, mikate na keki zilizookwa katika viwanda vyake yenyewe. Faida iliyopatikana katika kikombe kimoja cha chai ilikuwa ndogo mno, na keki isiyouzwa leo huwa haifai kesho. Kosa dogo katika kukisia mahitaji, likirudiwa kila siku katika mikahawa mingi, lingetosha kuimeza faida yote.

Mwaka 1923 kampuni ilimwajiri John Simmons, mtaalamu wa hisabati aliyesoma Cambridge, na katika miaka ya 1930 ikawa na ofisi maalumu ya kuchunguza taratibu za kazi za makarani. Kwa kila fomu, wachunguzi waliuliza: Inajazwa na nani? Inasomwa na nani? Inamsaidia msomaji wake kuamua nini? Fomu isiyokuwa na jibu ilikuwa mzigo tu.

Mwaka 1947 maofisa wawili wa kampuni walikwenda Marekani, wakapata habari za mashine mpya za kielektroni za kukokotoa. Waliporudi, kampuni ilichangia fedha ili kusaidia kompyuta iliyokuwa ikiundwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha ikaunda yake yenyewe, iliyoitwa LEO. Mashine hiyo ilikuwa na vali za elektroni zipatazo 6,000 na ilihifadhi tarakimu katika mirija ya zebaki. Mnamo Novemba 1951 ilianza kukokotoa kila juma thamani ya bidhaa zilizookwa. Ilikuwa kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi ya kawaida ya ofisi ya biashara. Baadaye ilikokotoa pia mishahara: hesabu ya mfanyakazi mmoja, iliyomchukua karani stadi dakika 8, LEO iliimaliza kwa sekunde moja na nusu.

Hata hivyo, fundisho kubwa halimo katika kasi hiyo. Limo katika utaratibu wa maagizo ya mikahawa uliobuniwa na David Caminer na wenzake katika miaka ya 1950. Kila mkahawa uliwekewa agizo la kudumu kwa kila siku ya juma. Msimamizi wa mkahawa hakutakiwa kuorodhesha upya mahitaji yake yote, bali kupiga simu na kutaja mabadiliko tu: leo mikate iongezwe, keki zipunguzwe. Makarani waliyatoboa mabadiliko hayo katika kadi, na LEO ikakokotoa jumla ya vitu vya kuoka na mzigo wa kupelekwa kila mahali. Yaliyo ya kawaida yalijiendesha yenyewe, na akili ya binadamu ikaachiwa yasiyo ya kawaida. Msimamizi ndiye aliyejua kwamba siku hiyo ni ya mvua au kwamba kuna sherehe mtaani. Mashine haikuyajua hayo.

Sifa za habari ifaayo

Kutokana na mifano hii, habari ifaayo katika biashara ina sifa tatu. Kwanza, iwe sahihi, kwani kiwango cha kuagizia kikitegemea hesabu ya uongo hudanganya kwa uhakika zaidi kuliko kukisia. Pili, ifike mapema, kabla ya uamuzi na si baada yake. Tatu, iwe imechujwa, kwa kuwa meneja anayeletewa karatasi 100 hana tofauti kubwa na yule asiyeletewa hata moja.

Yafaa pia kutambua mipaka yake. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Lyons ilielemewa na mikopo iliyochukua ili kujipanua, na mwaka 1978 ikanunuliwa na kampuni nyingine. Kujua kwa hakika idadi ya keki za kesho hakuzuii uamuzi mbaya kuhusu madeni ya mwaka ujao. Habari humwangazia mwenye kuamua, lakini haiamui kwa niaba yake.

Wanafunzi wanaweza kulijaribu jambo hili bila mashine yoyote. Wachague bidhaa moja katika duka la shule, wajaze kadi ya ghala kwa majuma manne, watafute wastani wa mauzo ya siku, wakokotoe kiwango cha kuagizia, kisha wahesabu ni siku ngapi bidhaa hiyo ilikosekana kabla ya kuanza kutumia kadi na ni ngapi baadaye. Mahali ambapo kadi na rafu hazikubaliani, hapo ndipo uchunguzi uanzie.