Jeni Iliyonyamazishwa Haijafutwa

Eti kunyamazisha jeni ni kuharibu uumbaji! Kauli hiyo nimeisikia kwenye semina za wakulima na hata redioni, na mara nyingi wanaoisema ni watu waliosoma. Jeni inayonyamazishwa haiguswi. Inabaki mahali pake kwenye DNA, herufi zote zikiwa salama. Kinachoharibiwa ni RNA mjumbe, ile inayopeleka maagizo ya kutengeneza protini. Hati ya shamba imetulia masjala. Iliyochanwa ni fotokopi iliyokuwa njiani.

Anayeichana ni seli yenyewe. Ikikuta RNA ya nyuzi mbili, kimeng'enya kiitwacho Daisa huikatakata vipande vya herufi 21 hadi 25 hivi. Protini ya Agonauti hushika kipande kimoja, ikakitumia kusaka kila nakala inayooana nacho, kisha ikaikata au ikaizuia isisomwe. Andrew Fire na Craig Mello walilieleza jambo hili mwaka 1998 kwa kutumia mnyoo mdogo, wakapewa Nobel mwaka 2006. Lakini kuvu ilikwisha kutoa dokezo. Mwaka 1992, Nicoletta Romano na Giuseppe Macino walipandikiza nakala za ziada za jeni ya rangi kwenye kuvu ya Neurospora crassa. Badala ya rangi yake ya machungwa kukolea, baadhi ya kuvu zikatoka nyeupe. Kwa hiyo anayedai kwamba unyamazishaji ulibuniwa maabara amechelewa mno: kuvu ilikuwa ikiufanya kabla hatujajua kuandika.

Upotofu mwingine ni kwamba kila dawa ya wadudu inayotokana na kuvu imechezewa jeni. Green Muscle, iliyonyunyizwa mwaka 2009 dhidi ya nzige wekundu wa Katavi, Rukwa na Malagarasi nchini Tanzania, ni Metarhizium acridum iliyopatikana kwa panzi wa Niger. Kilichofanyika ni kuizalisha kwa wingi na kuchanganya spora zake na mafuta. Mzoga wa nzige ulioota ukungu wa kijani haukurogwa: spora iliota juu ya gamba, ikapenya, ikamla kwa ndani.

 Tukirudi kwenye unyamazishaji, kisa cha kuvu nyingine, Beauveria bassiana, na mbu hakirukwi.

Mbu mwenyewe ni Anopheles stephensi, mwenyeji wa Asia anayeeneza malaria mijini, ambaye sasa amefika hadi Ethiopia na Kenya. Spora ikinata kwenye gamba lake huota na kuanza kutoboa. Wakati huohuo kuvu hutoa kipande kidogo cha RNA ambacho huingia katika seli za mbu, na humo kikajipachika kwenye Agonauti ya mbu mwenyewe! Silaha ya mwenye nyumba inageuzwa kunyamazisha jeni ya Spz4, inayoamsha mfumo wa kinga uitwao Toll. Kuvu ikishaingia kwenye damu hupunguza kipande hicho, kwa sababu kingeendelea kuwa kingi huko kingechochea kinga ya aina nyingine, ile inayomzingira mvamizi kwa gamba jeusi. Inajua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza, wala haina ubongo.

Mbu naye hajakaa kimya. Watafiti wameonyesha kwamba RNA zake ndogo, let-7 na miR-100, huingia ndani ya kuvu na kunyamazisha jeni zinazoipa ukali. Vita hii ilikuwepo bila bomba la sindano la mtu yeyote.

Basi mkulima ambaye dawa yake ya kuvu haikufanya kazi asitafute mchawi wala jeni iliyonyamazishwa. Aangalie kwanza kama chupa ilikaa juani, au kama aliichanganya na dawa ya ukungu kwenye bomba lilelile. Spora ni kiumbe hai, na vyote viwili huiua.