Mlonge wa Kariakoo na Maktaba ya Muhimbili

Muulize muuza dawa za asili wa Kariakoo kama unga wa mlonge unamfaa mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU. Atakujibu papo hapo: unafaa, tena unaongeza damu. Muulize daktari, huenda akakwambia uache. Pengine wote wawili wamejibu kwa mazoea tu. Wa tatu wa kuulizwa, ambaye wagonjwa hawamfikirii kabisa, yuko Upanga, ukishavuka Barabara ya Morogoro: mkutubi wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Wengi hudhani kazi ya mkutubi ni kupanga vitabu na kuwanyamazisha wanafunzi. Mkutubi wa sayansi za afya kazi yake hasa ni kulinyoosha swali. Unataka kujua kama mlonge unapunguza dawa kwenye damu, au kama unaumiza ini? Mgonjwa anameza dawa gani? Akishapata majibu, anatafuta kwa jina la kisayansi, Moringa oleifera, kwenye PubMed, kanzidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ambayo tangu 1997 yeyote huitumia bila malipo.

Humo atakuta utafiti wa Zimbabwe uliochapishwa 2017. Watu wanaoishi na VVU walipewa unga wa majani ya mlonge huku wakiendelea na nevirapini, na kiwango cha dawa mwilini hakikubadilika kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Mwenye haraka angeishia hapo na kumpongeza muuza mlonge. Lakini Tanzania ilianza kuwahamishia wagonjwa kwenye dolutegraviri mwaka 2019, na hiyo ni dawa nyingine yenye tabia zake. Inajulikana kwamba vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu huizuia dolutegraviri isifyonzwe vizuri, na majani ya mlonge yana madini hayo yote mawili. Huo si ushahidi kwamba mlonge unadhuru. Ila jibu la nevirapini halimtoshi anayemeza dolutegraviri, na kulitambua hilo ndiyo faida ya kutafuta na mtu anayejua kutafuta.

Kisha kuna suala la fedha. PubMed mara nyingi hukuonyesha muhtasari tu. Makala yenyewe hufungiwa nyuma ya malipo. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji sita wakubwa walianzisha HINARI, mpango ulioanza na majarida kama 1,500 kwa ajili ya nchi maskini, na Tanzania imo kwenye kundi lisilolipa. Bila mpango huo, usajili wa majarida hayo ungekausha bajeti ya chuo kizima. Lakini HINARI husajili taasisi, haimsajili mtu mmoja mmoja. Mwanafunzi na mtafiti huingia kwa nywila ya maktaba yao. Mfamasia mwenye duka lake Mtaa wa Msimbazi, anayeulizwa maswali ya wagonjwa kutwa nzima, hana nywila hiyo.

Hapa nina lawama kidogo. Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu 1974, ambacho sasa ni Taasisi ya Tiba Asili. Watafiti huwafuata waganga na wauza miti shamba, huwauliza majina ya mimea na namna ya kuitumia, kisha hurudi maabara. Kinachopatikana huandikwa kwa Kiingereza, kwenye jarida au kwenye tasnifu. Tasnifu za chuo zimewekwa kwenye hazina yake ya mtandaoni, na hilo ni jambo jema, lakini aliyetoa maarifa ya mwanzo hawezi kusoma kilichoandikwa juu yake. Ukitafuta maelezo ya afya ya Kiswahili utayakuta hata kwenye tovuti ya Wamarekani ya MedlinePlus, na yameandikwa kwa kuwafikiria wanaoishi Marekani. Ya mlonge na TLD, kidonge chenye dolutegraviri ndani yake, hayamo katika shida zao.

Maktaba ya Muhimbili inao watu wa kuziba pengo hili, na kinachohitajika si jengo jipya. Ni karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kwa kila swali linaloulizwa sana kwenye maduka ya dawa: nini kimepimwa, kwa nani, nini bado hakijulikani, na tarehe ya kuandikwa ili ikichakaa ibadilishwe. Karatasi hizo zikabidhiwe pia Maktaba Kuu ya Taifa, iliyo wazi kwa umma Mtaa wa Bibi Titi Mohamed tangu Desemba 1967. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linaweza kuwafikishia wauza miti shamba. Nao wana haki ya kusoma matokeo ya maarifa yao.

Wakati hayo yakisubiriwa, wewe unayemeza TLD na kukoroga mlonge kwenye uji, usiache dawa. Siku ya kliniki beba pakiti ya unga wako, umwonyeshe mhudumu, umtajie na saa unazotumia kila kimoja.