Fahamu: Kwa nini paka mzee hukojoa ndani

Bukoba hunyesha karibu mwaka mzima, na paka wa miaka 12 pale Ijuganyondo hana hamu ya kulowa. Lakini mvua si sababu pekee, wala si jeuri, kwa hiyo usimpige. Figo zikichoka au sukari ikipanda, hunywa maji mengi na kukojoa ovyo. Viungo vikiuma, dirisha alilozoea kuruka humshinda.

Mwekee karai la mchanga au maranda, lenye ukingo mfupi, karibu na anapolala. Sakafu ioshe kwa sabuni, si dawa yenye amonia: harufu yake humrudisha palepale. Hata akiwa na maumivu usimpe Panadol, inaweza kumuua. Dume akijikamua bila mkojo kutoka, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.