KUBADILI WINDOWS 10: YAFAA, NA LINI?

Wanachama wetu kadhaa huweka hesabu za pishi za wachumaji na madeni katika kompyuta za nyumbani. Kwa hiyo twaona yapasa kueleza habari za Windows, programu kuu iendeshayo nyingi ya kompyuta hizo.

Windows 10 haikufa. Kompyuta yenye programu hiyo huwaka na kufanya kazi kama zamani. Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitolea bure, kama ilivyozoea, marekebisho ya kuziba matundu wapitiayo wezi. Jambo hili si dogo. Mwezi wa Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi nyingi, hata hospitali kadhaa za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Dawa yake ilikwisha kutolewa tangu Machi, ila wengi hawakuitia.

Basi, mwenye kutumia intaneti hana budi kubadili. Windows 11 yataka kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, na kinga iitwayo TPM 2.0. Kompyuta nyingi za kabla ya 2018 hukataliwa. Programu ya bure iitwayo PC Health Check itakujibu. Ikikubali, kutoka Windows 10 kwenda 11 hakuna malipo kwa Microsoft.

Ikikataa, usiitupe. Microsoft iliweka mpango wa kujiandikisha ili kupata marekebisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Iko pia Linux Mint, ya bure, ifaayo kompyuta nyingi kuukuu, ila programu za Windows huenda zisifanye kazi humo. La, itumie kwa hesabu tu, bila ya intaneti.

Na wakati? Si wakati karafuu ziko majamvini na wachumaji wangoja malipo yao. Ngoja msimu uishe na hesabu zifungwe, lakini usivuke hadi msimu wa pili. Kwanza nakili hesabu zote katika flashi, uifungue kuhakikisha zimo, kisha uichomoe. Chaji betri ijae, maana umeme ukikatika katikati ya kazi huenda kompyuta isiwake tena. Ukiisha kubadili na usipendezwe, kwa kawaida una siku 10 za kurudi Windows 10.

Kompyuta hununuliwa nyingine. Daftari la pishi likipotea, mchumaji na mwenye shamba hawana shahidi.