Kinda Yupi Atalishwa? Kuchunguza Malezi ya Ndege wa Mabwawani kwa Jicho na kwa Filamu

Bwawa dogo lenye matete kandokando ni maabara isiyohitaji umeme wala kemikali. Humo ndege wa maji hujenga viota, hutaga, huatamia na kulea makinda, na mwanafunzi mwenye subira aweza kuwafuata kwa wiki kadhaa bila ya kuwapoteza. Lakini kuona si sawa na kuchunguza. Mtu aliyeketi ukingoni akamwona mzazi akimpa kinda chakula hudhani kwamba ameelewa mambo yote: kinda alikuwa na njaa, akalia, akalishwa. Je, huyo ndiye kinda aliyelishwa dakika tatu zilizopita, au ni mwingine? Na yule ambaye hakupata kitu tangu asubuhi, amekosa kwa bahati mbaya au amenyimwa? Maswali hayo si madogo, kwani kwa kinda mchanga kukosa chakula kwa muda mfupi tu ni kufa. Makala haya yanaeleza jinsi wanasayansi walivyoyajibu maswali ya namna hiyo, na jinsi shule za sekondari ziwezavyo kuifuata njia yao kwa vifaa vichache.

Makinda wa majini si wa namna moja

Kinda wa bata, manyoya yake yakishakauka baada ya kuanguliwa, hutembea, huogelea na kujitafutia chakula. Kazi ya mama ni kumlinda, kumwongoza na kumpatia joto. Kinyume chake ni kinda wa mdiria, ambaye huanguliwa ndani ya tundu akiwa uchi na kipofu, na hutegemea kila kitu kutoka kwa wazazi. Kati ya makundi hayo mawili wapo vibisi na kukuziwa. Makinda wao huweza kuogelea mapema sana, lakini kwa siku nyingi hawawezi kujipatia chakula cha kutosha. Kwa hiyo wazazi hulazimika kuwalisha mmoja mmoja, mdomo kwa mdomo, juu ya maji. Hao ndio wanaomfaa zaidi mchunguzi, kwa kuwa mambo yote hutendeka mahali panapoonekana.

Kibisi mdogo, anayepatikana katika mabwawa mengi ya Afrika Mashariki, huwabeba makinda mgongoni katikati ya mabawa yake. Mzazi mmoja akiwa amebeba, mwenzake huzamia na kuibuka na mdudu wa majini, kiluwiluwi au samaki mdogo. Jamii ya vibisi ina desturi nyingine ya ajabu: ndege hawa hula manyoya yao wenyewe, na baadhi yao, hasa kibisi mkubwa mwenye kishungi, huwalisha makinda manyoya hayo. Mtazamaji asiyejua hudhani kwamba mzazi amekosea. Kumbe manyoya hujikusanya tumboni na kufanya kama tandiko, ambalo huikinga ngozi laini ya tumbo dhidi ya miiba ya samaki na kuizuia miiba hiyo mpaka iyeyuke.

Kukuziwa mwenye bamba jekundu juu ya mdomo (Gallinula chloropus) anatoa fundisho jingine. Makinda wa uzao wa kwanza, wakishakua kidogo, mara nyingi huwasaidia wazazi kuwalisha wadogo zao wa uzao wa pili. Basi mchunguzi anayeandika katika daftari lake kwamba kila aliyelisha ni mzazi atakuwa ameandika jambo ambalo hakuliona.

Faida na upungufu wa filamu

Tendo la kulisha ni la haraka. Mzazi huibuka, makinda humkimbilia, mdomo hugusa mdomo, na mambo yamekwisha kabla mtazamaji hajainua kalamu. Ndiyo sababu wachunguzi wa ndege walianza mapema kutafuta njia ya kuukamata wakati. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, iliyoweza kupiga picha 12 kwa sekunde moja, akaitumia kuchunguza jinsi ndege wanavyoruka. Tangu hapo filamu imekuwa chombo cha kazi cha mwanasayansi. Siku hizi hata simu ya mkononi yaweza kufanya kazi iliyokuwa ikihitaji mitambo mizito.

Filamu ina faida tatu. Kwanza, tendo moja laweza kutazamwa polepole na kurudiwa mara nyingi. Pili, watu wawili waweza kuhesabu kila mmoja peke yake, kisha wakalinganisha hesabu zao; zikitofautiana, filamu ndiyo itakayoamua. Tatu, swali ambalo halikufikiriwa siku ya kupiga picha laweza kuulizwa baadaye.

Hata hivyo, filamu ina upungufu wake. Kamera huona kipande tu cha bwawa, na kinda aliyefukuzwa kwenda matetemi hatokei katika picha. Aidha, mpiga picha huvutwa na kinda anayepiga kelele zaidi, akamwelekezea kamera yeye tu. Halafu anapohesabu huona kwamba mwenye kelele ndiye anayelishwa. Zaidi ya hayo, filamu haiwezi kumtambua kinda iwapo mchunguzi mwenyewe hana njia ya kumtofautisha na ndugu zake. Filamu ya saa mia moja isiyoonyesha nani ni nani ni filamu nzuri, lakini haijibu swali.

Jaribio la mkasi

Mfano bora wa kazi ya namna hii ni uchunguzi wa kukuziwa wa Marekani (Fulica americana), uliofanyika katika mabwawa ya jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada. Ndege huyu akiwa mzima ni wa kijivu cheusi, mwenye mdomo mweupe. Lakini makinda wake wana mapambo ya kushangaza: manyoya ya shingoni na kichwani yana ncha ndefu za rangi ya chungwa, mdomo ni mwekundu, na utosi una upara mwekundu. Rangi hizo humfanya kinda aonekane kwa urahisi na maadui, na baada ya wiki chache hupotea. Kwa nini basi zipo?

Jambo lililo wazi ni kwamba familia hizi huishi katika shida. Kukuziwa hutaga mayai mengi, nayo hayaanguliwi siku moja bali kwa siku kadhaa mfululizo, hivyo makinda wa mwisho hukuta ndugu zao wamekwisha pata nguvu. Karibu nusu ya makinda hufa, na wengi wao hufa kwa njaa.

Bruce Lyon, John Eadie na Linda Hamilton walidhani kwamba huenda wazazi huwapendelea makinda wenye mapambo. Dhana hiyo isingeweza kuthibitishwa kwa kutazama tu. Lau wangeona kwamba makinda wenye rangi nyingi hulishwa zaidi, mtu angeweza kusema kwamba hao ndio wenye afya, na afya ndiyo sababu. Kwa hiyo walifanya jaribio jepesi. Katika baadhi ya familia, nusu ya makinda walikatwa ncha za rangi ya chungwa kwa mkasi, wakabaki weusi, na nusu wakaachwa kama walivyo. Ili kulinganisha, zilikuwako familia ambazo makinda wote walikatwa, na nyingine ambazo wote waliachwa na rangi zao.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Katika familia zilizochanganywa, makinda wenye rangi ya chungwa walilishwa mara nyingi zaidi, wakakua upesi zaidi na kunusurika kwa wingi zaidi kuliko ndugu zao weusi. Je, weusi walidhoofika kwa sababu ya kukatwa manyoya, pengine kwa baridi? Hapana, kwani katika familia ambazo wote walikuwa weusi, makinda walistawi sawasawa na wale wa familia zenye rangi tupu. Hapo ndipo thamani ya kundi la kulinganishia inapoonekana. Mzazi hakumkataa kinda mweusi kwa weusi wake. Alimchagua mwenye rangi zaidi pale tu alipokuwa na wa kuchagua.

Kwa nini wazazi wachague

Swali la pili lilikawia kujibiwa. Kukuziwa wa kike wana tabia ya kutaga mayai katika viota vya majirani ili wengine wawalelee. Ilifikiriwa kwamba labda rangi ni hila ya makinda hao wageni ya kuwavutia walezi. Mwaka 2020 Lyon na Dai Shizuka walionyesha kwamba sivyo. Rangi huongezeka kwa kadiri ya mpango wa kutagwa: mayai ya mwisho hutoa makinda wenye rangi kali zaidi, kwa kuwa mama hutia katika kiini cha mayai hayo viasili vingi zaidi vya rangi. Mayai ya wageni, kwa kawaida, si ya mwisho katika mpango wa mama zao, wala makinda wao hawapiti wenyeji kwa rangi.

Kwa hiyo rangi humwonyesha mzazi ni kinda yupi aliye mdogo. Siku za kwanza wakubwa hushinda kwa mbio na nguvu, na wadogo wengi hufa. Baadaye wazazi hushika hatamu: kila mmoja huchagua kipenzi chake, mara nyingi miongoni mwa wadogo waliosalia, na wakubwa wanaosogea kuomba chakula hukamatwa kichwani na kutikiswa. Mtazamaji wa siku moja angeita tendo hilo ukatili. Mchunguzi aliyehesabu kwa msimu mzima anaona kwamba adhabu ya mkubwa, aliyekwisha weza kujilisha, ndiyo chakula cha mdogo.

Kazi kwa shule

Hapa kwetu kukuziwa mwenye vinundu vyekundu (Fulica cristata) huonekana Ngorongoro na katika Ziwa Naivasha, na kibisi mdogo yu karibu na shule nyingi zaidi. Wanafunzi waweza kuanza hivi. Kificho cha matete au gunia kijengwe mbali na kiota, na kisogezwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Kamera iwekwe juu ya kitu kisichotikisika, ielekezwe sehemu moja, na irekodi kwa saa zilizopangwa, si wakati wa vituko tu. Makinda watofautishwe kwa ukubwa na kwa michirizi ya kichwani; asiyetambulika aandikwe “hajulikani”, wala asikisiwe.

Kisha ije hesabu. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, makinda wanne wamelishwa mara 40, na hesabu yao ni 18, 12, 6 na 4. Iwapo hapakuwa na upendeleo, kila mmoja angetarajiwa kupata 10. Chukua tofauti ya kila kinda na 10, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa 10, kisha jumlisha: jibu ni 12. Katika jedwali la takwimu la kai-mraba, kwa makinda wanne kiwango cha asilimia 5 ni 7.81. Kwa kuwa 12 inazidi hapo, si rahisi kusema kwamba tofauti hiyo imetokea kwa bahati. Lakini hesabu hiyo haisemi sababu ni rangi, ukubwa au ukaribu. Hilo huhitaji uchunguzi mwingine.

Mambo matatu yazingatiwe. Makinda wasishikwe wala kukatwa manyoya, kwani kazi ya namna ile huhitaji kibali na ujuzi. Kiota kisikaribiwe, maana mzazi akiondoka mayai hupoa, na kunguru hupata nafasi. Pwani, kunguru wa India ni mwizi mashuhuri wa mayai na makinda. Mwisho, wanafunzi wasiingie majini, kwa sababu mabwawa mengi yana konokono waenezao kichocho, na mengine yana mamba.

Mwalimu atakayewaongoza wanafunzi wake katika kazi hii asiwaulize kwanza, “Mmeona nini?” Awaulize, “Mmehesabu nani, mara ngapi, na mnajuaje kwamba ni yeye?” Wakiweza kulijibu swali hilo kwa kinda mmoja wa kibisi, wataweza kuliuliza juu ya jambo lolote la elimu ya viumbe.