Jinsi Nilivyoshindana na Lumbugu

Hapa shuleni kwetu Uganda mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita akiomba hupewa kiwanja cha kulima, hatua ishirini kwa kumi, na mavuno huwa yake. Lakini iko sharti: mvua za Machi zikianza na kiwanja kingali pori, hunyang'anywa akapewa mwingine. Mimi nilikitaka sana, maana mama yangu hunilipia karo peke yake, nami nilitaka kumpunguzia mzigo.

Nilipewa changu mwanzoni mwa Februari. Kilikuwa kimelala miaka mitatu bila kulimwa. Rafiki mmoja alinishauri ninunue dawa ya kuua magugu. Walakini chini ya kiwanja kile pana kisima tunachochota maji sote, na kanuni ya shamba letu yakataza dawa. Basi nikashika jembe.

Siku nne nililima kwa nguvu, nikayakatakata majani na mizizi pamoja. Udongo ukawa mweusi, wenzangu wakanisifu. Kisha ikanyesha mvua ndogo. Baada ya juma moja kiwanja chote kikawa kijani kuliko kwanza! Mzee mmoja anayetunza bustani ya shule alipita akatazama, akacheka. "Mwanangu," akasema, "wewe hukulima, umepanda." Nikamwambia, "Nifundishe, Mzee."

Alichimbua kipande cha majani akanionyesha. Yalikuwa yale ambayo Waganda huyaita lumbugu, na huko Kenya wengi huyaita sangari. Chini ya udongo yana kamba nyeupe, nyembamba, ngumu, zenye pingili kama muwa. Kila pingili ina jicho, na kila jicho laweza kuwa jani jipya. Kwa hiyo nilipoikata kamba moja vipande kumi, niliipa lumbugu watoto kumi.

Njia yake ni hii. Usitumie jembe bapa, tumia jembe la meno. Chimba udongo ukiwa mkavu kiasi, inua bonge, litikise, kisha vuta kamba nzima kwa mkono. Usiruke mbele kabla ya kumaliza ulipo. Fanya ukanda wa hatua moja, ndipo uende wa pili. Kamba zile zitandaze juu ya mwamba au bati, jua lizikaushe mpaka zivunjike kama vijiti. Usizitupe kwenye shimo la mboji zikiwa mbichi, maana utakuja kuzirudisha shambani pamoja na mbolea.

Magugu mengine yana tabia zake. Ndago ina vijinundu vilivyofungamana kwa nyuzi nyembamba. Ukivuta jani, uzi hukatika na kinundu hubaki chini kikicheka. Lazima uchimbe chini yake ukitoe, ukianike juani. Kongwa nayo ina shina lenye maji. Ukiing'oa ukaiacha juu ya udongo wenye unyevu, hutoa mizizi tena. Itoe nje ya shamba. Kishona nguo ni rahisi kung'oa, lakini ing'oe kabla haijakomaza mbegu, kwa kuwa mche mmoja huacha mbegu mamia kwa mamia, na wewe mwenyewe utazibeba katika suruali yako mpaka kiwanja cha jirani.

Nilifanya kazi kila jioni baada ya masomo. Mikono ilitoka malengelenge. Mvua zilipokaribia nilikuwa nimesafisha nusu tu, nikaingiwa na hofu. Nikamwendea Mzee tena. Akasema, "Nusu iliyo safi panda maharage. Ile nyingine toa kamba kubwa upesi, kisha panda marando ya viazi vitamu kwa karibu karibu." Sababu yake ni kwamba lumbugu na ndago hupenda jua. Marando yakitanda, hufunika ardhi, na magugu yaliyo chini hudhoofika kwa kukosa mwanga. Mwalimu wa shamba alipokuja kukagua, aliona matuta ya viazi upande mmoja na mistari ya maharage upande wa pili, akapita bila neno.

Maharage niliyapalilia mara ya kwanza majuma matatu baada ya kupanda, na mara ya pili kabla hayajatoa maua. Baina ya mistari nilitandaza majani makavu ya migomba. Viazi navyo nilivipalilia mpaka marando yalipofunga ardhi. Baada ya hapo vilijilinda vyenyewe, hata nilipokwenda nyumbani likizo ya Mei.

Nilipata nusu debe ya maharage na gunia moja la viazi. Fedha yake haikutosha karo, lakini ilinunua madaftari na sabuni ya muhula mzima, na mama hakutuma hata senti ya vitu hivyo. Lumbugu haijaisha, ingali inachungulia kwenye mpaka, nami kila Jumamosi nazunguka na jembe la meno kuitafuta. Kwa hiyo, ndugu yangu uliyepewa kiwanja kipya, usiulize utamaliza lini. Uliza kwanza gugu lako lina nini chini ya udongo, ndipo uchukue jembe. Haraka haraka haina baraka.