Pedali za gitaa Rubavu: bodi ni rahisi, kasha ndilo ghali

Fundi redio wa Mahoko, kituo cha biashara cha sekta ya Kanama, wilayani Rubavu, Rwanda, kwenye barabara ya Musanze kwenda Gisenyi, hahitaji kusafiri mbali kutafuta vipande vya pedali yake ya kwanza. Mchoro maarufu wa pedali ya mkwaruzo (fuzz) uliotoka London mwaka 1966 una transista 2, rezista 4, kapasita 3 na volyumu 2, basi. Rezista na kapasita za namna hiyo zimejaa ndani ya sabufa na redio mbovu zinazorundikana chini ya meza za mafundi. Anayejua kulehemu humaliza bodi kabla ya chakula cha mchana. Hata hivyo wapiga gitaa wengi wa kwaya bado huchomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikisa, na wenye pedali wamezinunua zikiwa zimeshapita mikono kadhaa.

Muuza vipuri mmoja, aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa, ana maelezo marefu, na mengi yake ni manung'uniko. Anasema vipande vya umeme havijawahi kumsumbua, kwa sababu bei yake ni ndogo na asivyokuwa navyo huving'oa kwenye vyombo vilivyokufa. Kinachomkausha mfuko ni vyuma: swichi ya kukanyaga yenye miguu 9, jeki 2 za milimita 6.35 na kasha la alumini. Sabufa nyingi hazina hata kimoja kati ya hivyo. Inabidi viagizwe nje, na wauzaji wa jumla hawana muda na mtu anayetaka swichi 5. Kisha mzigo ukifika, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 haipigwi kwenye bei ya kununulia peke yake. Hupigwa juu ya bei, nauli, bima na ushuru wa forodha vikishajumlishwa. Kwa hesabu yake, vyuma hivyo hula zaidi ya nusu ya gharama ya pedali nzima.

Mfanyabiashara akilia kuhusu kodi, msikilizaji huwa na haki ya kupunguza kidogo. Lakini kwenye uwiano huo hajatia chumvi: wanaojitengenezea pedali Ulaya na Marekani hulalamika vivyo hivyo, kwamba kasha na swichi hugharimu kuliko kilichomo ndani. Tofauti ni kwamba wao hununua swichi moja dukani au kwa posta.

Njia ya mkato ipo. Mkebe wa maziwa ya unga hufanya kazi ya kasha vizuri tu, mradi waya wa ardhi uunganishwe na bati lenyewe. Bila hivyo pedali hudaka mvumo wa umeme wa nyumba na wakati mwingine hata redio. Swichi ya kidole ya kawaida inatosha kwa anayejifunza. Jukwaani haifai, maana mkono wa mpigaji uko kwenye nyuzi, na bati la mkebe hubonyea chini ya kiatu.

Tatizo la pili halizungumzwi sana na wauzaji. Maelekezo karibu yote ya kuanzia humfundisha mtu pedali ya mkwaruzo kwanza, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Soko la Rubavu haliutaki mkwaruzo. Kwaya na bendi za nyimbo za zamani zinazopiga kwenye hoteli za ufukweni hupenda gitaa safi, linalolia kama lile la rumba, likiwa na mwangwi kidogo. Kweli, Kinshasa kuna kundi la likembe lililojitengenezea vinasa sauti kwa sumaku za magari mabovu, na mkwaruzo wake ukalipeleka hadi majukwaa ya Ulaya miaka ya 2000. Kiongozi wa kwaya hatashawishika kwa mfano huo.

Mwangwi unahitaji chipu iitwayo PT2399, na hapa fundi wa Kanama ana bahati. Ni chipu ya miguu 16 iliyotumika kwa wingi kwenye mashine za karaoke na mikisa za bei nafuu, zilezile zinazoletwa kwa fundi zikiwa zimeungua upande wa umeme huku bodi ya mwangwi ikiwa nzima. Ikitolewa kwa uangalifu, ikapewa volti 5 kupitia kidhibiti kidogo kutoka kwenye volti 9 za pedali, hurudisha sauti baada ya takriban theluthi moja ya sekunde. Ukiivuta zaidi ya hapo sauti huanza kuchafuka. Kwa wimbo wa kwaya, theluthi hiyo inatosha kabisa.

Adapta nayo huua kazi nyingi za wanaoanza. Karibu pedali zote hutaka hasi katikati ya plagi. Adapta nyingi za vifaa vya intaneti zina chanya katikati. Plagi inaingia vizuri, chipu inakufa. Diodi moja kwenye njia ya umeme huzuia ajali hiyo, na bei yake ni ndogo sana.

Kuhusu vyombo vibovu vinavyotoa vipuri hivyo, hadithi ya upande wa serikali ni tamu zaidi. Ofisa mmoja anayefuatilia taka za kielektroniki anarejea takwimu iliyozoeleka: kiwanda cha Bugesera kina uwezo wa kuchakata tani 10,000 kwa mwaka. Uwezo wa mashine, bila shaka, hauelezi ni tani ngapi zinazofika. Wala haumwambii fundi wa Mahoko kama sabufa aliyoifungua ili ang'oe chipu ni kipuri au ni taka, jambo lenye uzito katika nchi ambayo ukusanyaji na uchambuaji wa taka hizo ni shughuli ya leseni. Ofisa anasema mafundi wadogo hawana cha kuhofia. Muuza vipuri anasema angependa kuyaona maneno hayo kwenye karatasi.

Wateja nao hawatabiriki. Mwaka 2018, na tena 2024, serikali ilifunga maelfu ya nyumba za ibada kwa kutotimiza masharti, na kanisa lililofungwa halinunui pedali. Ng'ambo ya mpaka, Goma ina wapiga gitaa wa kutosha kulisha karakana kadhaa, lakini tangu mji uangukie mikononi mwa waasi Januari 2025 na benki kufunga milango, malipo yamekuwa shughuli yenyewe. Huenda hali ikatengemaa. Wanaouza vyombo mpakani hawaipangi biashara yao kwa matumaini hayo.

Kwa sasa muuza vipuri anasema yuko tayari kuagiza swichi kwa jumla iwapo mafundi watachangishana na kulipa nusu mapema. Mafundi wanataka kuziona kwanza.